Jina la wa Pili

Buswelu, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, na hiyo ya pili ni ya kukuomba radhi, maana najua ukiona bahasha badala ya kusikia sauti yangu kwenye simu utakaa chini kwanza kabla hujaifungua. Usiogope. Mimi mzima, nakula vizuri, ile homa ya mwezi uliopita imeniacha, na hakuna aliyekufa. Vaa miwani ya marehemu Baba, ile yenye mkono uliofungwa uzi, usome taratibu, na usimpe Baraka akusomee. Hii nimeiandika isomwe na wewe peke yako.

Goti linaendeleaje? Baraka ameniambia umeanza tena kupanda kule mteremkoni kuangalia mibuni, kana kwamba ile dawa ya kuchua niliyotuma ilikuwa ruhusa ya kuzurura. Na yule ng'ombe mweusi amezaa au bado anatuzungusha? Baridi ya Mbinga mwaka huu ikoje? Huku nikiwaambia watu kwamba kwetu kuna miezi tunalala na masweta wananicheka. Mwanza ni jua na mawe. Mawe yapo mpaka uani kwetu, mama mwenye nyumba anaanikia dagaa juu yake, na mimi nguo zangu zote zinanuka dagaa, hata hii ya kanisani.

Unajiuliza kwa nini barua. Kwa sababu simu inakusaidia kukimbia, Mama. Nakujua. Nikigusa jambo usilolitaka, mtandao wa Mbinga unakatika palepale, au kuku wameingia jikoni. Mara ya mwisho waliingia kuku, na kuku ulishawauza wote kabla ya Pasaka, Baraka aliniambia. Karatasi haina kuku. Nina swali moja tu la kukuuliza na nitaliuliza mwishoni. Usiruke kurasa, tafadhali. Nataka ulifikie kwa njia niliyopita mimi.

Kazi yangu unaijua nusu, nusu nyingine umekuwa ukiitikia tu ili nifurahi. Ofisi yetu iko Nyakato, juu ya ghala la magodoro. Bosi wetu anaitwa Nilesh, ni Mhindi wa hapahapa, babu yake alikuwa na duka la vitambaa mjini, na Kisukuma anakijua kuliko nitakavyokijua mimi hata nikizeekea huku. Tuko wanne tunaoandika programu. Ninayekaa naye meza moja ni Shija, Msukuma wa upande wa Magu, mcheshi, mla karanga, maganda yake nayakuta mpaka kwenye mkoba wangu. Tunatengeneza orodha za wagonjwa kwa ajili ya zahanati za pembeni ya ziwa, ili nesi akifungua kompyuta aone nani ni nani na anatumia dawa gani.

Sasa siku hizi hatuandiki wenyewe kila kitu. Kila mmoja wetu ana msaidizi ndani ya kompyuta. Si mtu, Mama, ni akili mnemba. Unamwambia kwa maneno ya kawaida unataka nini, naye anaandika programu, anasafisha orodha, anapekua makosa. Ni mtiifu na ana haraka. Shida ilikuwa kila msaidizi anafanya kivyake. Wangu aliandika tarehe kwa kuanza na siku, wa Shija kwa kuanza na mwaka, wa yule dada wa dirishani aliandika vijiji kwa herufi kubwa zote kama anagomba. Tukiziweka orodha pamoja hazisomeki. Nilesh akaniambia, "Faraja, wewe unayependa kupanga watu, tupangie hawa."

Nikakukumbuka wewe. Unakumbuka msimu wa kuchuma kahawa ulivyokuwa ukiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo? Nyekundu kikapuni. Kijani iache mtini. Iliyooza usichanganye. Vibarua wapya wakija asubuhi walisoma mlango kwanza ndipo wakachukua kikapu, na wewe hukuhitaji kupiga kelele shamba zima. Nami nilifanya hivyo hivyo. Nilifungua folda moja ya pamoja, nikaandika humo mafaili, kila faili somo moja, kwa Kiswahili cha kueleweka. Ofisini tunayaita mafaili ya ujuzi. Msaidizi wa yeyote kati yetu kabla hajaanza kazi anasoma mlango huo. Ukiandika neno moja pale, wote wanne wanalifuata kuanzia siku hiyo. Mama, nilijiona mtu. Nilipiga picha nikakutumia, ukajibu "hongera mwanangu" na alama ya mikono inayoomba, ukadhani ni cheti.

Faili mojawapo lilihusu watu wanaojirudia kwenye orodha. Huku ziwani hilo ni tatizo la kweli. Familia za wavuvi zinahama na samaki. Mwezi huu wako mwalo huu, mwezi ujao wamehamia kambi nyingine, na kila wanapofika mtoto anaandikwa upya. Tena anaandikwa kwa jina lingine, kwa sababu ana jina la ukoo, ana la dini, na ana lile analoitwa na bibi yake, na mzazi anataja lililomjia mdomoni. Mtoto mmoja unamkuta mara tatu. Dawa zinaagizwa kwa watoto watatu, kumbe ni mmoja. Kwa hiyo nikaandika hivi, nayanakili kama yalivyokuwa:

"Kama jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, kijiji na simu ya mzazi vinafanana, huyo ni mtu mmoja. Jina la kwanza usilitazame. Unganisha. Usiulize."

Neno la mwisho niliongeza mwenyewe, kwa hasira kidogo. Msaidizi alikuwa kila akikuta majina mawili yanayokaribiana anasimama na kuuliza, tufanyeje na hawa, tufanyeje na wale. Shija akalalamika kwamba huyu anauliza kuliko mtoto wa miaka minne. Nikasema subiri nimnyamazishe. Niliandika neno lile bila kulifikiria, likatoka lenyewe, kama vile lilikuwa limekaa mdomoni muda mrefu.

Pengine umeshaona nilipokosea. Mimi sikuona. Hakuna aliyeona ofisi nzima.

Kila Jumatatu mmoja wetu alimwambia msaidizi asafishe orodha, naye alifuata faili langu na kuacha ripoti. Ripoti ilikuwa na mstari mmoja kwa kila aliowaunganisha: "Nimeunganisha rekodi mbili kuwa moja. Sikuuliza, kama mlivyoagiza." Kurasa na kurasa za mstari huo. Nilikuwa nazipitia kwa macho huku nakula chapati. Orodha zilipungua, Nilesh akatununulia soda, mimi nikapigiwa makofi.

Halafu Shija akatumwa Magu, kwenye zahanati moja, kumfundisha nesi mgeni aliyehamishiwa pale. Alirudi siku ileile, hakupita kwao kuoga, akaja ofisini na vumbi lake. Kwa kawaida akitoka safari huanza na mambo ya chakula. Siku hiyo alianza na mimi.

"Faraja, una dakika?"

"Ninazo."

"Nesi aliita Kulwa. Wakasimama watoto wawili, mabinti, wana miaka sita hivi, magauni sare. Nesi akasema nimeita mmoja. Mama yao akamkalisha mmoja chini. Sasa niambie, yule aliyekalishwa yuko wapi kwenye orodha yetu?"

"Atakuwepo tu. Tafuta Doto."

"Nimetafuta. Hayupo. Tumemla."

Nilimwambia asinitanie. Akavuta kiti, akamwambia msaidizi wake aorodheshe wote waliounganishwa na lile faili pamoja na majina yao ya kwanza, yale niliyokuwa nimeagiza yasitazamwe. Yakaanza kushuka kwenye kioo. Kulwa na Doto. Kulwa na Doto. Husna na Hasina. Kulwa na Doto. Petro na Paulo. Katikati yao walikuwemo wanaojirudia kwelikweli, lakini macho yangu hayakuwaona hao. Huku Usukumani, Mama, mapacha ni wengi na hawafichwi, wana majina yao kabisa, anayetangulia Kulwa na anayefuata Doto, hata mtoto wa chekechea anajua. Na baba ni mmoja, siku ni moja, kijiji kimoja, simu ni ya mama mmoja.

"Unajua Shija maana yake nini?" akaniuliza.

"Jina lako."

"Shija kwetu ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Mimi nyumbani nimetanguliwa na Kulwa na Doto. Nimesafisha hii orodha Jumatatu nne kwa mkono wangu, na mimi ni Shija."

Nami, sijui ni kitu gani kilinifungua mdomo, nikasema basi mdogo wangu Baraka angezaliwa huku angeitwa Shija. Akanigeukia. "Kwenu mna mapacha?" Nikasema hapana. Halafu nikasema ndiyo. Halafu nikasema nina kazi, nikamwonyesha mgongo.

Tulipiga simu kwa mama wa wale mabinti siku mbili baadaye, tulipomaliza kuwarudisha watoto kwenye orodha mmoja mmoja. Anaitwa Mama Kulwa kama unavyotegemea. Alipokea akiwa wodini. Wale watoto wote wawili wana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, na Doto alikuwa amezidiwa, maumivu yamemkunja miguu, damu imepungua. Nilesh akasema twende. Akaendesha mwenyewe, na tulipofika Magu akasema kitu kimoja: "Pale ndani asiwepo mtu wa kusema kompyuta ilikosea. Ilitii."

Mama Kulwa ni wa umri wangu. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda anamenya chungwa. Doto amelala ana mrija wa damu mkononi, na Kulwa amelala kitandani hapohapo, miguu yake imegusa miguu ya mwenzake. Manesi walishachoka kumshusha. Nikasema pole dada, akasema asante. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Niliambiwa mtoto ni mmoja, dawa ni ya mmoja," akasema. "Nikagawa. Leo anameza Kulwa, kesho anameza Doto."

"Hukuwaambia ni wawili?"

"Nimewaambia. Nesi akasema nimwandikishe upya huyu. Nikamwandikisha. Nikirudi, hayupo. Nikamwandikisha tena. Hayupo. Mara ya tatu nikaona aibu, nitaonekana mwongo nataka dawa za kuuza. Nikaendelea kugawa."

Mara mbili, Mama. Mara mbili yule mama alimrudisha mwanawe kwenye dunia ya walioandikwa, na mara mbili Jumatatu ikafika tukamtoa. Nilikwenda baadaye kuangalia ni nani alikuwa zamu. Mara ya pili nilikuwa mimi.

Nilimwambia. Nilisema, amri ile niliiandika mimi, si huyu bosi, si nesi. Akaniuliza niliandika nini hasa. Nikamtajia maneno yote mpaka la mwisho. Aliweka chungwa chini.

"Ukaandika usiulize."

"Ndiyo."

"Kwa nini sasa?"

Hapo ndipo nilipoanza kulia, kilio cha kutia aibu, mpaka Nilesh akatoka nje na mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutazama. Mama Kulwa alinitazama tu. Hakunibembeleza wala hakunitukana. Mwisho akasema, "Mbona unalia kunishinda mimi mwenye mtoto? Una pacha?"

"Nilikuwa naye."

Nimefika umri huu, Mama, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza nimelisema kwa sauti bila kulikimbia. Nimelisemea wodini Magu, kwa mtu ambaye nilikuwa karibu nimuulie mtoto.

"Wewe ndiye Kulwa au Doto?" akauliza. Huku ni swali la kawaida, kama kuuliza mtu kabila lake.

"Sijui."

"Mama yako hajakwambia?"

"Hajaniambia."

Akachukua chungwa lake, akampa Kulwa kipande, kingine akakiweka kwenye sahani pembeni ya Doto ili ale akiamka. "Kama yuko hai muulize," akasema. "Na wewe nenda kaandike vizuri."

Sasa na mimi niseme ninachokijua, ili usihangaike kufikiria nimefika wapi. Nilikuwa na miaka tisa, natafuta gauni la komunyo ndani ya lile sanduku la bati. Chini kabisa nilikuta sweta mbili za mtoto mchanga, za njano, vifungo sawa, ufumaji mmoja, mkono wako kabisa. Moja ilikuwa imechakaa kwenye viwiko na ina doa la uji. Ya pili ilikuwa mpya. Ukaingia ukanikuta nimezishika moja mkono huu na nyingine mkono huu. Ukazichukua, ukazikunja, ukasema, "Usiulize." Hukufoka. Ningependa ungefoka. Kesho yake sanduku likawa na kufuli.

Bibi ndiye aliyenipa mengine, mwaka ule alipokuwa anaumwa mwisho mwisho. Nilimpelekea uji, akasema mwite mwenzako mnywe wote. Nikasema Bibi, niko peke yangu. Akasema, "Mlikuja wawili. Mama yako alikuja kutoka hospitali amebeba wawili." Akasinzia. Siku ya maziko nilimvuta Shangazi Leokadia nyuma ya jiko nikamuuliza, naye akasema kamuulize mama yako. Nikakutazama ulivyokuwa umekaa na wafiwa, nikaona siwezi. Na sikuweza miaka yote hii.

Unaona ilivyo? Wenzangu ofisini, ambao sasa wanajua, wananiuliza, wewe pacha, ilikuwaje ukaandika kitu kama kile? Nawaambia ni kwa sababu hiyohiyo. Nimefundishwa kutofikiri kwamba mtu anaweza kuwa wawili. Nimejaza fomu ngapi za shule na kazi, watoto waliozaliwa na mama yako, naandika wawili, mimi na Baraka, na kila mara mkono unasita kidogo halafu unaandika wawili. Kumbe mlango nilioandikia chaki niliunakili kutoka nyumbani.

Tangu siku ile ya Magu sikai peke yangu. Usianze kusema nimerogwa, nisikilize kwanza. Ofisini kuna kiti pembeni yangu hakina mwenyewe, huwa naweka mkoba. Sasa najikuta nauondoa. Leo kanisani nimesogea kwenye benchi nikaacha nafasi, mama mmoja akaja akakaa pale nikakasirika naye misa nzima bila sababu. Juzi napita Nyakato mchana kweupe, mbele ya duka lenye vioo, nikageuka kuangalia nani anatembea hatua sawa na zangu. Nilikuwa nadhani waliokufa wachanga hubaki wachanga. Huyu amekua, Mama. Ana kimo changu. Hasemi kitu na hanitishi, ila ananisubiri, na mimi sijui kumwita kwa sababu sina cha kumwita.

Doto wa Magu amepona. Niseme amepona, ingawa amekonda na bado anachechemea. Yuko nyumbani, wote wawili wako kwenye orodha, na kila mmoja anameza dawa yake kila siku. Wengine nao tumewarejesha, Shija na mimi tumepiga simu kila zahanati, mpaka manesi wakawa wakisikia sauti yangu wanaguna. Kazini sikufukuzwa. Nilesh alisema asiyekubali kosa ndiye wa kufukuzwa, akaweka sheria kwamba hakuna faili litakaloingia kwenye ile folda bila kusomwa na wote wanne kwa sauti, kama somo la kanisani.

Faili lile nimeliandika upya. Sasa linasema hivi: "Watu wawili wanaweza kufanana kila kitu isipokuwa jina. Kwa hiyo jina litazame kwanza. Usimuunganishe mtu yeyote kabla ya kuuliza. Ukiuliza usipojibiwa, subiri." Shija aliposoma alisema limekuwa refu. Kisha akasema liache.

Lakini kabla faili halijaanza kutumika lazima lijaribiwe. Unatunga watu wa uongo, unawaweka kwenye orodha ya mchezo, unaona msaidizi atafanyaje. Jumanne asubuhi nilikaa nitunge mapacha. Nilikuwa nimechoka, majina ya kutunga hayaji, nikaandika ya kwetu. Jina la baba nikaandika la Baba. Kijiji, chetu. Tarehe ya kuzaliwa, yangu. Simu ya mzazi, yako. Mstari wa kwanza nikaandika Faraja. Nikaunakili mstari wote chini yake, nikafuta jina la kwanza ili niandike lingine, na nikabaki pale. Nikamwambia msaidizi aendelee hivyohivyo, nafasi ya jina ikiwa tupu.

Akasimama kama nilivyomfundisha. Akaandika: "Nimepata rekodi mbili zenye baba mmoja, siku moja na kijiji kimoja. Hawa ni mtu mmoja au wawili?"

Nikaandika: Wawili.

Akaandika: "Jina la wa pili ni nani?"

Ofisi ilikuwa imejaa, Shija anatafuna karanga, chini wanapakia magodoro. Nami nimekaa mbele ya swali ambalo nimelibeba tangu nikiwa na miaka tisa, nimeulizwa na kitu kisichojua hata kama nina mama. Ningeweza kuandika jina lolote, jaribio lingepita. Sikuandika. Leo Jumapili bado linasubiri. Shija ameliona, ameweka karatasi juu ya kibodi: Asiguse mtu.

Mama, sikuandikii kukuhukumu. Kidogo nakulaumu, siwezi kukudanganya, lakini ni kidogo, na kila siku inapungua. Ulikuwa binti mdogo, una wachanga wawili kwenye baridi ile, ukafuma sweta mbili, na moja haikupata muda wa kuchakaa. Najua neno lile hukuniambia ili kunifungia mimi. Ulikuwa unajishikilia usianguke. Ila limetoka kwako likaingia kwangu, likatoka kwangu likafika Magu kwa mtoto wa watu, na sitaki liendelee kwenda.

Kwa hiyo swali langu ndilo hilohilo, sina lingine. Sikuulizi aliondokaje wala amelala wapi. Nimeweka humu ndani bahasha nyingine yenye anwani yangu. Huna haja ya kuandika barua wala kunieleza lolote. Neno moja linatosha. Jina lake nani, Mama?

Nisalimie Baraka, mwambie viatu alivyoagiza nimeviona, asipige simu tena. Shangazi Leokadia mpe shikamoo yangu, na umwambie simchukii kwa yale ya nyuma ya jiko. Jirani yetu anayekukamulia ng'ombe msalimie pia. Goti lipumzishe. Na sweta zile, kama bado zipo, usizifungie tena.

Nakusubiri. Tunakusubiri.

Ni mimi mwanao, mmoja wa wale wawili,
Faraja